Kupanga begi la siku tano Mlima Elgon, kwa anayetoka Kisumu

Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Koitobos, kilele kinachopandwa zaidi upande wa Kenya wa Mlima Elgon, kiko mita 4,222. Tofauti hiyo ya kilomita tatu kwenda juu ndiyo inayoamua ulale wapi, ule nini na ubebe kilo ngapi. Halijoto hushuka kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mchana ambao mtaa wa Kondele, Kisumu, unachemka kwa nyuzi 30, kule kileleni ni kama 10, na usiku maji ya kwenye chupa huweza kuganda. Hewa nayo ni nyepesi: pale juu msukumo wake ni kama asilimia 60 tu ya ule wa Mombasa.

Wengi wakishaamua kwenda huuliza kwanza habari za viatu. Mimi huanza na kalenda, kisha mzani. Viatu vitakuja.

Tarehe, vibali na mahali pa kulala

Nenda kati ya Desemba na mwanzoni mwa Machi. Aprili na Mei usithubutu, labda kama unapenda kusukuma gari kwenye tope. Wanaokwambia Juni hadi Agosti ni kiangazi wanazungumzia Mlima Kenya. Huku Magharibi mvua ya alasiri huendelea miezi hiyo yote, na Elgon hupata fungu lake.

Njia ni Kisumu, Kakamega, Webuye, Kitale, halafu gari la Endebess hadi lango la Chorlim. Ondoka alfajiri ufike mchana. Mbuga hii, iliyotangazwa rasmi mwaka 1968, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo usiende na bahasha ya noti ukitegemea kulipa langoni. Viwango hubadilika, viangalie wiki ile unayosafiri. Beba kitambulisho chenyewe, picha ya simu haitoshi, kwa sababu mlima huu umekatwa na mpaka wa Uganda na huko juu utatembea karibu nao. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai cha mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Ukikitaka hicho, shughulikia uhamiaji kabla ya kuanza safari, usije ukavuka hivi hivi.

Piga simu mapema upange askari wa KWS wa kuwasindikiza. Msituni mna ndovu na nyati, na nyati aliyelala kichakani hana habari na mtu aliyeweka muziki masikioni.

Sasa hesabu ya usiku, ambayo ndiyo wengi huiharibu. Kanuni inayofuatwa na wapanda milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Zingatia neno kulala: mchana unaweza kwenda juu zaidi ya hapo ukarudi. Kwa hiyo:

Usiku wa kwanza lala karibu na lango, juu kidogo ya mita 2,000. Wa pili, kwenye mita 3,000 hivi, mahali mtakapokubaliana na askari. Wa tatu, kambi ya Koroborte, kwenye mita 3,500 au zaidi kidogo. Siku ya nne panda Koitobos mapema, urudi kulala Koroborte. Ya tano, shuka uende nyumbani.

Kuna watakaokushawishi mpande na gari moja kwa moja hadi mwisho wa barabara karibu na Koroborte, ili muokoe siku. Mtu aliyelala Kisumu jana akilala mita 3,500 leo anatafuta kichwa cha kumpasuka. Siku hiyo mnayookoa mtaimaliza hemani mkitapika.

Miguu, wiki nane kabla

Aliyeko Nakuru amebarikiwa: anaishi kwenye mita 1,850 na mlima wa Menengai uko mgongoni kwake. Sisi wa ziwani tuna vilima vya Riat na Kajulu, na vinatosha ukivitumia vizuri. Siku mbili za katikati ya wiki tembea saa moja na nusu kwa mwendo wa kutoa jasho. Jumamosi panda mlima na begi.

Ndani ya begi weka maji, chupa au mtungi wa lita tano, kwa kuwa lita moja ni kilo moja na huhitaji kukisia. Ongeza lita moja kila wiki hadi zifike kumi na mbili. Wapo wanaoyamwaga wakifika juu ili washuke wepesi. Usiyamwage. Kwenye mlima halisi magoti huumia wakati wa kushuka, na ndipo mapaja yanapohitaji mazoezi.

Wiki mbili kabla ya safari nenda mlima wa Longonot, karibu na Naivasha, na begi lako kamili. Kupanda hadi ukingoni, kuzunguka shimo lote na kurudi langoni ni zaidi ya kilomita 13, na sehemu ya juu ni mita 2,776. Ukimaliza na kesho yake ukaweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, uko tayari. Ukishindwa, sogeza tarehe, mlima hauhami.

Viatu

Sokoni Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili utapata buti nzuri za kupandia milima kwa bei ya raba mpya za dukani. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa buti za mitumba ambao lazima uujue. Nyingi zina tabaka la povu kati ya soli ya chini na ngozi, na povu hilo, hata kama kiatu hakijavaliwa kabisa, huoza lenyewe kwa unyevu wa miaka. Kwa nje kiatu kinang'aa. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu. Povu zima hurudi mahali pake. Lililooza hubaki na shimo, au hutoa ungaunga kama chaki. Kisha kunja kiatu katikati na usikilize. Kikilia kama karatasi kavu, kirudishe, hata muuzaji akuapie kwamba ni kamera, yaani chaguo la kwanza, ya robota la asubuhi.

Ukikipata kizima, kipeleke kwa fundi akishone soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni, kwa sababu gundi peke yake haiaminiki kwenye matope. Chukua namba kubwa kidogo kuliko yako ya kila siku: miguu huvimba ukitembea kutwa, na wakati wa kushuka vidole vinahitaji nafasi mbele. Kata kucha siku mbili kabla ya safari, usikate usiku wa kuondoka. Kivae kiatu hicho sokoni, kanisani na kazini kwa mwezi mzima. Soksi tatu nene zatosha, moja kati yake ya kulalia tu, na hiyo usiivae mchana hata kama zile nyingine zimeloa.

Utawaona wenyeji wakipita na gambuti. Wanajua njia na miguu yao imezoea. Usiige.

Nguo

Pamba ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Jinzi, tisheti za kampeni na hudi nzito ziache nyumbani. Soma lebo iliyoshonwa ndani ya nguo: poliesta na sufu ni zako.

Vaa kwa tabaka. Fulana ya poliesta inayogusa mwili, juu yake sweta la sufu au flisi, juu kabisa jaketi lisilopitisha maji wala upepo. Suruali mbili nyepesi, moja ya kutembelea na moja ya kulalia, pamoja na suruali ya mvua. Kofia ya sufu, glavu, na kofia ya jua, maana jua la mita 4,000 huchoma hata ngozi nyeusi. Mafuta ya kuzuia jua, hasa puani na kwenye midomo. Miwani ya jua pia.

Kabla ya kuliamini jaketi la mitumba, livae ukae bafuni chini ya bomba la mvua dakika kumi. Yanayovuja kwenye mishono ya mabega ni mengi kuliko yasiyovuja.

Kulala

Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi sifuri au chini yake. Angalia ile namba ya kulala kwa raha. Namba ya mwisho kabisa kwenye lebo ni ya mtu asiye na hamu ya kupata usingizi. Blanketi la Raymond ni zuri mno, lakini peke yake linajaza begi. Shuka la Kimasai, kwa upande mwingine, halina uzito na hufaa kujifunika ukiota moto wa sigiri langoni au kuongeza joto ndani ya mfuko.

Mkeka wa sponji ndio watu huuacha wakidhani ni anasa. Ardhi inakunyonya joto kuliko hewa, na mfuko wa kulalia uliobanwa na mwili wako hauzuii chochote upande wa chini. Bora upunguze nguo kuliko kuacha mkeka.

Chakula

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa na watu wanaokula vitu vya pakiti vya Ulaya, na sisi tuna vya kwetu vinavyoshinda.

Kumbuka jambo hili kwanza: kwenye mita 3,500 maji huchemka kwenye nyuzi kama 88 badala ya 100. Yatatoa mapovu vizuri sana na maharagwe yako yatabaki mawe. Githeri, maharagwe na ndengu kavu visipande mlima. Ugali hauna shida hiyo, kwa kuwa wanga wa mahindi hushika kwenye nyuzi kama 70, na uji wa wimbi vilevile. Mchele huiva kwa kuchelewa, ukikumalizia gesi. Tambi za haraka ni sawa.

Siku ya kwanza kula vizito: nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa nyumbani, chapati, mayai. Kuanzia ya pili kila kitu kiwe kikavu. Pima gramu 700 kwa mtu kwa siku. Njugu karanga zina kalori 570 hivi kwa kila gramu 100, unga wa mahindi kama 360, kwa hiyo njugu na simsim ndizo zinazostahili kubebwa kwa wingi. Ongeza sukari guru, ile ya vinu vya Kakamega na Bungoma. Ivunje vipande vidogo nyumbani, funga kwa karatasi, weka mfukoni mwa jaketi. Mwili ukianza kulegea saa nne asubuhi, kipande kimoja na njugu konzi moja huwa dawa.

Kwa kitoweo, omena. Ichambue, ioshe kwa maji moto, ikaange bila mchuzi mpaka iwe inavunjika kwa kidole, iache ipoe kabisa, ndipo uifunge. Ikifungwa ingali na joto hutoa mvuke, na siku ya tatu ina ukungu. Gramu 200 zinamtosha mtu mmoja safari nzima: unaipasha na kitunguu na kidonge cha mchuzi, ugali ukiwa pembeni, na walioleta nyama za kopo wataanza kusogeza sahani.

Maziwa ya unga, majani ya chai na tangawizi ya unga usisahau. Huko juu hamu ya chakula hupungua, na kikombe cha chai tamu hupita pale ugali unapokataa.

Jiko liwe dogo la gesi ya mtungi wa kufunga kwa kuzungusha. Gesi ya butane haigeuki mvuke halijoto ikikaribia sifuri, kwa hiyo lala na mtungi ndani ya mfuko wako, au tafuta ile iliyochanganywa na propane. Sufuria moja yenye kifuniko, kikombe, kijiko. Usitegemee kuni za mbugani, na usipike ndani ya hema hata mvua ikinyesha vipi. Hewa ya jiko kwenye hema lililofungwa inaua mtu akiwa usingizini.

Maji

Tangu 5 Juni 2020 chupa za maji za kutupa, pamoja na vikombe, sahani na vijiko vya plastiki vya kutumiwa mara moja, vimepigwa marufuku ndani ya mbuga za taifa. Kwa hiyo ile katoni ya chupa za nusu lita mnayonunua Kitale itaishia langoni. Beba chupa mbili za lita moja za kudumu, moja iwe ya chuma: ukiijaza maji moto na kuivalisha soksi inakuwa mwenzako wa kulala.

Mito ya Elgon huonekana safi na imejaa kinyesi cha wanyama. Chemsha, ukishapita mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu. Au tumia dawa ya klorini ya maduka ya dawa na ungoje nusu saa. Baridi huipunguza kasi, hivyo maji yakiwa ya barafu ngoja saa nzima.

Mzani na mpangilio wa begi

Begi lote, maji na chakula ndani, lisizidi sehemu ya tano ya uzito wako. Mwenye kilo 60 abebe 12. Peleka begi kwenye mashine ya kusagia unga ya mtaani na uombe kulitundika kwenye mzani wao; watacheka, lakini mzani ule haudanganyi kama wa bafuni. Hesabu ya kawaida inakuja hivi: begi tupu kilo 2, nusu yako ya hema la watu wawili 1.5, mfuko wa kulalia 1.5, mkeka nusu kilo, nguo 2, chakula 3, maji 2, jiko na sufuria 0.7, vidogo vidogo 1. Hiyo ni 14.2, ambayo ni sawa kwa mtu wa kilo 71 na ni kubwa kwa wengi wetu. Ukizidi, tandaza kila kitu sakafuni na uanze kutoa vya ziada: suruali ya tatu, taulo kubwa, spika, manukato. Bado umezidi? Ajiri mpagazi kutoka vijiji vya hapo chini. Ni kazi yao na wanaijua.

Mvua ya Elgon huingia popote, na kifuniko cha nje cha begi hakitoshi. Mwambie fundi cherehani akushonee mfuko wa turubai jepesi wa kuingia ndani ya begi, mrefu wa kutosha mdomo wake ukunjwe mara tatu na kufungwa. Pitisha mshumaa kwenye mishono yote.

Kisha pakia hivi. Chini kabisa mfuko wa kulalia na nguo za usiku, vitu usivyovihitaji hadi jioni. Chakula, maji ya akiba na jiko viwe katikati, vimegusana na mgongo, usawa wa mabega kushuka kidogo. Uzito ukikaa mbali na mgongo begi linakuvuta nyuma na unatembea umeinama. Nguo laini zijaze nafasi za pembeni. Juu kabisa jaketi la mvua, sweta na sanduku la dawa. Mifuko ya pembeni ni ya chupa na njugu. Hema lenye unyevu lifungwe nje.

Ukishalivaa, funga kwanza mkanda wa kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga, kaza, ndipo uvute kamba za mabega. Ukiweza kupitisha kidole kati ya kamba na bega bila shida, nyonga ndizo zinazobeba, na ndivyo inavyotakiwa.

Dawa, na kichwa kinachouma

Plasta, bandeji, dawa ya maumivu, chumvi za kuongeza maji mwilini, dawa ya kuharisha, na dawa zako za kila siku kama unazo. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ipo, asetazolamaidi, lakini muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Kichwa kuuma kidogo, kichefuchefu na kukosa usingizi ukipita mita 3,000 ni kawaida. Pumzika hapo hapo, kunywa maji, usipande tena hadi kipoe. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea mambo yasiyoeleweka, au kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa ameketi, mshusheni mara moja, hata kama ni saa nane usiku. Hakuna kusubiri kupambazuke.

Kwa sisi wa ziwani kuna mtego wa ziada. Malaria huchukua wiki moja au zaidi tangu mbu akuume hadi uugue, kwa hiyo unaweza kuibeba kutoka mtaa wa Nyalenda, Kisumu, na ikakushika Koroborte, ambako hakuna mbu na kila mtu atasema ni mwinuko. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauleti homa kali yenye kutetemeka. Ukiiona hiyo, shukeni, mkapime Kitale. Na kama hujisikii vizuri siku mbili kabla ya safari, pima nyumbani kwanza.

Mapango

Njiani utataka kuona Kitum, pango ambalo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe. Inafaa kuliona. Ila mwaka 1980 na tena 1987, watu waliolitembelea waliugua virusi vya Marburg na kufa, na popo wanaokula matunda ndio wanaojulikana kuvibeba. Mimi huishia mdomoni mwa pango. Ukiingia, fuata maelekezo ya askari, vaa barakoa inayobana vizuri, usishike kinyesi cha popo wala kuketi juu yake, na nawa kabla ya kugusa chakula.

Asubuhi ya kuondoka

Andika karatasini majina ya wote, njia, mahali pa kulala kila usiku na saa ya mwisho mnayotarajiwa kurudi Kitale, umwachie mtu wa nyumbani asiye na wasiwasi wa haraka. Mwambie pia ampigie nani muda huo ukipita. Mtandao juu ya msitu huja na kwenda, hivyo simu iwe imezimwa na ilale na wewe pamoja na pawabenki, kwa sababu baridi humaliza chaji. Tochi ya kichwani na betri za akiba. Mfuko wa takataka zako zote, pamoja na karatasi za chooni. Choo chimba shimo la sentimita 15, hatua 70 kubwa kutoka kwenye maji. Akina dada wabebe pedi za kutosha hata kama tarehe bado, kwani mwinuko na uchovu huweza kuvuruga mzunguko.

Kunywa chai, vaa viatu, lipandishe begi garini mwenyewe. Ukimwona utingo analirusha juu ya keria, mwombe alilaze ubavu wenye jiko ukiangalia juu.